Kumwajiri Mshauri Mwelekezi wa Ukarabati wa Nyumba Baada ya Tetemeko: Mwongozo kwa Maafisa wa Kaunti ya Mombasa

Tetemeko lililotokea baharini karibu na kisiwa cha Mafia mwezi Agosti 2020, ambalo ukubwa wake ulikadiriwa kuwa 6.0, lilihisiwa hadi Dar es Salaam bila kuleta maafa makubwa. Lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kuangusha mamia ya nyumba. Ukubwa ulikaribiana, ila la Bukoba lilizuka karibu na makazi ya watu, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za kuta zisizo na nguzo wala mkanda wa zege. Nyumba za namna hiyo zimejaa Majengo, Likoni na Kisauni, na ndiyo sababu afisa wa makazi au wa ununuzi katika Kaunti ya Mombasa anapaswa kujua mapema atakachofanya siku atakapoagizwa kumtafuta mshauri mwelekezi kwa haraka.

Mwongozo huu unatumia sehemu kubwa ya nafasi yake kwenye hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayopewa mshauri, kwa kuwa mshauri hodari aliyepewa hadidu mbovu ataandika ripoti nzuri isiyomsaidia mtu yeyote.

Anza na maamuzi, si na ripoti

Hadidu nyingi hufunguliwa kwa orodha ya nyaraka zitakazowasilishwa: ripoti ya awali, rasimu, ripoti ya mwisho. Weka orodha hiyo kando kwanza, kisha uandike maamuzi ambayo kaunti yenyewe italazimika kuyafanya: nani atapokea fedha, nyumba ipi itakarabatiwa na ipi itabomolewa, fundi yupi atakubaliwa, na nani atatia sahihi kwamba kazi imekamilika. Kila kazi utakayompa mshauri iwe inaelekea kwenye mojawapo ya maamuzi hayo, na ile isiyoelekea popote ifutwe, hata kama imezoeleka kuwekwa.

Suala la nani atapokea fedha ndilo gumu kuliko yote hapa Mombasa, na mshauri anayetoka nje ya Pwani anaweza kulikosa kabisa. Sehemu kubwa ya mitaa yetu ya zamani imejengwa kwa utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba anamiliki kuta na paa huku kiwanja kikiwa cha mtu mwingine, au cha wakfu, naye hulipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka, mara nyingine kwa makubaliano ya mdomo tu. Ndani ya nyumba hiyo hiyo, vyumba vilivyopangana pande mbili za ukumbi huenda vimekodishwa kwa wapangaji watano au sita. Ukuta wa uani ukipasuka, kuna watu wa tabaka tatu wenye haki juu yake, na huenda hakuna hata mmoja kati ya wanaolala humo mwenye hati miliki.

Nepal ilikumbana na jambo linalofanana na hili baada ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015. Serikali ilitoa msaada wa rupia 300,000 kwa kila kaya iliyostahiki, kwa awamu tatu za 50,000, 150,000 na 100,000, na wahandisi walikagua ujenzi kabla ya awamu iliyofuata kulipwa. Utaratibu wa awamu ulikuwa wa busara, lakini kwa kuwa msaada ulifungamanishwa na hati za ardhi, wapangaji na watu wasio na ardhi walikwama. Kwa hiyo hadidu za Mombasa ziwe na kipengele kilichoandikwa waziwazi, kwa mfano hivi: “Mshauri atapendekeza namna ya kulipa msaada pale ambapo mwenye nyumba si mwenye ardhi, ataeleza ushahidi wa umiliki utakaokubaliwa mahali pa hati miliki, na ataandaa mfano wa makubaliano ambayo mwenye ardhi atatia sahihi kukubali ukarabati, pamoja na ulinzi wa mpangaji dhidi ya kupandishiwa kodi au kufukuzwa nyumbani ukarabati unapokamilika.” Risiti za kodi ya ardhi, bili za maji na ushahidi wa mzee wa mtaa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kipengele cha idhini ya mwenye ardhi kisichukuliwe kama urasimu. Mwenye ardhi aliyeruhusu nyumba ya udongo, boriti na fito huenda akakataa nguzo za zege, akihofia kwamba jengo la kudumu litampa mwenye nyumba dai la kudumu juu ya kiwanja.

Taja aina za nyumba kwa majina yake

Usiandike “nyumba za kiasili” ukadhani umeeleweka. Nyumba ya udongo na mabati ya Majengo, nyumba ya mawe ya matumbawe ya Mji wa Kale na ghorofa ya matofali ya saruji ya Kisauni hupasuka kwa njia tofauti na hukarabatiwa na mafundi tofauti. Ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa, ukizibwa nyufa zake kwa saruji, hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache ya mvua lipu hubanduka pamoja na jiwe. Hivyo timu ya mshauri lazima iwe na mtu anayejua kazi ya chokaa, na wala asiwe jina lililopachikwa kwenye orodha. Ukarabati wa Mji wa Kale pia unahitaji ushirikiano na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwa kuwa eneo hilo limehifadhiwa kisheria.

Njia ya kumpata

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaruhusu ununuzi wa moja kwa moja wakati wa janga la asili, ila dharura hiyo isiwe imetokana na uzembe wa ofisi yenyewe. Ushauri wangu ni kutoitegemea njia hiyo. Ni afadhali kuandaa mapema mkataba wa mfumo, yaani makubaliano ya masharti ya kazi zitakazoagizwa baadaye, ambao sheria inauwekea kikomo cha miaka 3, pamoja na makampuni yaliyokwisha kuchujwa, ili tetemeko likitokea ibaki kutoa agizo la kazi tu. Ikiwa mambo hayajaandaliwa, tumia ombi la mapendekezo, bahasha ya kiufundi ifunguliwe kabla ya ile ya fedha, na alama za ubora ziwe nyingi kuliko za bei. Kumbuka kuweka nafasi ya malalamiko kwenye ratiba: aliyeshindwa ana siku 14 za kuwasilisha ombi la mapitio, na bodi ya mapitio ya ununuzi wa umma ina siku 21 za kuamua.

Usichague kwa kusoma makaratasi peke yake. Wapeleke viongozi wa timu zilizofuzu kwenye nyumba moja yenye nyufa, uwaombe waeleze papo hapo ufa upi ni wa lipu tu na upi umekata ukuta mzima, kisha uone kama kuna anayeinama kutazama msingi. Nchini New Zealand, baada ya matetemeko ya Canterbury ya 2010 na 2011, mpango wa serikali ulikarabati makumi ya maelfu ya nyumba, na maelfu kati ya hizo zilihitaji kurudiwa, nyingine kwa sababu uharibifu wa msingi haukuonekana kwenye tathmini ya kwanza.

Mshauri anayepanga asiwe na hisa, ukoo wala ubia na mkandarasi atakayejenga au muuzaji wa vifaa, na tamko lake lisainiwe kabla ya mkataba. Kanuni hiyo ni rahisi kuiandika kuliko kuisimamia. Katika mji ambao watu wanajuana kama huu, omba majina ya wakurugenzi na uyalinganishe mwenyewe.

Malipo na takwimu

Gawanya malipo kufuata maamuzi uliyoyaorodhesha mwanzoni. Sehemu kubwa ilipwe baada ya nyumba chache za majaribio, angalau moja ya kila aina, kukarabatiwa kwa utaratibu aliouandika mshauri na kukaguliwa na mhandisi aliyesajiliwa asiye wa timu yake. Mkataba useme pia kwamba fomu za tathmini, picha na orodha za kaya ni mali ya kaunti, na kwamba zitakabidhiwa kila wiki katika muundo unaofunguka kwenye kompyuta za ofisi, zikilindwa kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, maana orodha inayoonyesha nani anaishi wapi bila hati inaweza kuwa na thamani kubwa kwa anayekitaka kiwanja.