Somo: Kupima maji ya kisima cha nyumbani, Lamu

Kisima chetu kiko uani, hatua kumi na moja kutoka choo cha shimo. Nilizihesabu baada ya mtoto wa dada yangu kuharisha mara ya tatu masika yaliyopita. Maji yenyewe meupe, baridi, hayana harufu. Ndiyo yaliyotudanganya.

Hapa kwetu mambo ya maji ni mawili, na watu huyachanganya. Chumvi kwanza: maji matamu ya mvua yamekaa juu ya maji ya bahari humo ardhini, na ukiyavuta kwa pampu kwa pupa, yale ya chini hupanda. Hiyo ulimi unaijua. Uchafu wa choo ulimi hauujui kabisa, kwa hiyo anza na huo.

Hatua ya 1: Kagua. Zunguka kisima. Mdomo una ukingo na kifuniko? Mtaro unapita wapi, punda hufungwa wapi? Hushauriwa choo kiwe mbali angalau mita 30. Mtaani Mkomani, hapa mjini Lamu, nani ana mita 30? Tazama na ndoo. Yetu ilikuwa inalazwa chini, kamba ikiburutwa palepale kuku wanapopita.

Hatua ya 2: Omba chupa. Muulize afisa wa afya ya umma sampuli hupelekwa maabara gani na hupokelewa siku zipi. Chupa ya maabara imekwisha kuuliwa vijidudu, usiisuuze. Mara ya kwanza mimi nilibeba chupa ya soda niliyoiosha kwa sabuni, nikavuka nayo hadi Mokowe, upande wa bara, imeota jua mapajani. Mpokezi aliitazama, akanirudishia: "Hapa tutapima chupa, si maji."

Hatua ya 3: Teka. Nawa mikono. Ukitaka kujua hali ya kisima, shusha chupa yenyewe kwa uzi safi wenye kijiwe kilichochemshwa. Ukitaka kujua mnachokunywa, jaza kutoka mtungini. Sisi tulifanya yote mawili, na ya mtungini yakawa mabaya zaidi: kata ilikuwa ikiachwa sakafuni. Usiguse mdomo wa chupa, wala usiweke kizibo chini. Bakisha nafasi kidogo juu. Andika saa, mahali, na kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Weka kwenye boksi lenye barafu, panda boti ya alfajiri. Ndani ya saa 6 ndiyo bora, zikizidi 24 usijisumbue.

Hatua ya 4: Soma majibu. E. koli, kijidudu cha matumboni kinachoonyesha kinyesi kimeingia majini, iwe 0 katika mililita 100, hakuna "kidogo tu". Naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi na mbolea, isizidi miligramu 50 kwa lita, hasa penye mtoto wa chupa. Vitu vilivyoyeyuka vikiwa chini ya miligramu 600 kwa lita, maji yana ladha nzuri. Vikipita 1,000 chai yenyewe itakwambia.

Hatua ya 5: E. koli ikionekana. Leo hiihii chemsheni ya kunywa mpaka yatokote. Kisha tengenezeni ukingo, ndipo mtie klorini kisimani. Kisima cha upana wa mita 1 chenye maji ya kina cha mita 2 kina lita 1,570 hivi, nayo yanahitaji gramu 120 za klorini ya unga ya asilimia 65. Ivurugie kwenye ndoo ya maji, penye upepo, usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Mwaga ukipitisha kutani. Asiteke mtu kwa saa 12, kisha toeni maji mpaka harufu iishe. Pima tena baada ya wiki moja au mbili. Choo kikibaki palepale, uchafu unaweza kurudi, basi msiache kuchemsha.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Langoni: Nikichemsha, na chumvi itatoka?*
La, mama. Mvuke unaondoka, chumvi inabaki, tena inakolea. Naitreti vivyo hivyo. Mchanganyie mtoto maziwa kwa maji mengine.

*Mzee wa Shela: Babu zetu waliyanywa haya haya, mbona hawakufa?*
Shikamoo ami. Waliokufa wadogo hawakupata kutuhadithia. Tena nyumba zilikuwa chache, na vyoo vichache.

*Kijana wa Malindi: Sisi tuna bomba. Tupime?*
Bomba likikatika siku tatu mnakunywa ya tangini, au sivyo? Basi pima ya tangini. Mwambie mpimaji kama yametiwa klorini, maana chupa yake huwekwa dawa ya kuizima, ama sivyo klorini itaendelea kuua vijidudu njiani na majibu yatakuja safi kwa uongo.

*Bi wa Mkomani: Visamaki vya birika letu, tangi la maji la nyumbani, viko hai miaka. Si dalili maji ni mazima?*
Ni dalili hamna mazalia ya mbu, kazi yao ndiyo hiyo. E. koli haimuui samaki, naye hajui choo kiko wapi. Lakini siku ya klorini usijaze birika kutoka kisimani, itawaua; wahamishe kwenye ndoo ya maji ya mvua mpaka harufu iishe. Wetu watatu walikaa sufuriani siku nne. Wamerudi wawili. Mmoja paka alimwahi.