Somo: Maji yanayotoka na mafuta kwenye visima vikongwe, na namna ya kuyadhibiti hatua kwa hatua

Eneo la mafuta likizeeka, kazi ya mtambo hugeuka. Bado tunauza mafuta, lakini tunachosukuma, kutenganisha, kusafisha na kutafutia pa kwenda kutwa kucha ni maji. Kule Nimr, kusini mwa Oman, kila pipa la mafuta hutoka na takriban mapipa 10 ya maji. Maji hayo yana chumvi, mabaki ya mafuta, metali na kemikali tulizotia wenyewe, kwa hiyo hayamwagwi ovyo.

Vijana wengi wanaoingia kwenye fani hii hukimbilia mwisho wa mstari: mashine gani inunuliwe ya kusafishia? Mimi naanza upande wa pili, chini ya ardhi. Pipa la maji ambalo halikupanda juu halihitaji umeme, dawa, wala tanki.

Hatua ya 1: Pima kila kisima peke yake

Jumla ya maji ya eneo zima haikuambii tatizo liko wapi. Pitisha kila kisima kwenye separeta ya majaribio (tanki la kutenganisha mafuta na maji), kwa zamu, uandike mafuta na maji yake.

Hapa kuna mtego wa asilimia. Kisima chenye maji asilimia 90 hutoa mapipa 9 ya maji kwa pipa moja la mafuta. Kikifika asilimia 95, ni mapipa 19. Kikifika 98, ni 49. Kwenye ripoti, kutoka 95 hadi 98 kunaonekana ni nyongeza ndogo ya pointi tatu, kumbe mzigo wa maji umezidi mara mbili na nusu. Andikeni uwiano wa maji kwa mafuta, asilimia iwe ya pembeni.

Hatua ya 2: Jua maji yanaingilia wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayolipa kuliko zote. Njia za maji ni nyingi, ila katika kazi ya kila siku utakutana zaidi na hizi tatu.

Ya kwanza ni ubovu wa kisima chenyewe: kesingi (bomba la chuma linaloshikilia ukuta wa kisima) imetoboka kwa kutu, au saruji nyuma yake imeachia, na maji ya tabaka jingine yanajipenyeza. Dalili yake ni maji kuruka ghafla, mara nyingi yakiwa na kemia tofauti na ya tabaka lenye mafuta. Dawa yake ni kuziba kwa saruji au kuweka kiraka cha chuma. Anza na visima vya namna hii, maana matokeo yake ni ya haraka.

Ya pili ni njia ya mkato. Maji yanayodungwa (yanayosukumwa chini ili yasukume mafuta) kwenye kisima cha jirani hupita kwenye ufa au kwenye tabaka linalopitisha maji kwa wepesi na kufika kwako bila kusukuma mafuta yoyote. Ufa huzibwa kwa jeli ya polima. Tabaka la namna hiyo, likiwa limetengwa vizuri na majirani zake, huzibwa kwa plagi. Wakati mwingine unapunguza tu kinachodungwa upande wa pili, na hilo halihitaji hata kufungua kisima chako.

Ya tatu ni koni. Maji yaliyo chini ya mafuta huvutwa juu kwa umbo la koni kwa sababu unanyonya kwa nguvu kupita kiasi. Hapa jeli husaidia kwa muda mfupi tu, maji hutafuta njia ya kuizunguka. Punguza mvuto wa pampu, au ziba matundu ya chini ya kesingi uzalishe kutoka juu zaidi.

Mwaka 1995 mhandisi K. S. Chan alionyesha kwamba ukichora uwiano wa maji kwa mafuta dhidi ya muda kwenye kipimo cha logi (logarithimu), pamoja na kasi ya badiliko lake, koni na njia ya mkato huchora mistari tofauti. Itumieni grafu hiyo kama kidokezo. Usitie saruji kisimani kwa grafu peke yake. Shusha kifaa cha kupima mtiririko na joto kwanza.

Hatua ya 3: Usiyavunje matone

Tone la mafuta hupanda ndani ya maji kwa kasi inayofuata mraba wa kipenyo chake. Chukua tone la mikroni 100 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ndani ya maji ya kawaida, tofauti ya uzito ikiwa kilo 100 kwa mita ya ujazo: litapanda mita moja kwa takriban nusu saa. Tone la mikroni 10 litahitaji zaidi ya siku mbili. Hakuna tanki la kungoja hivyo.

Matone huvunjwa na nani? Na sisi wenyewe. Vali iliyobanwa sana, pampu ya mapanga inayozunguka kwa kasi kabla ya utenganishaji, kona kali za mabomba. Punguza tofauti ya shinikizo kwenye vali, na pampu iweke baada ya utenganishaji wa kwanza au utumie ya skrubu inayosukuma taratibu. Na tunza joto: maji moto ni mepesi kupitisha matone.

Hatua ya 4: Safisha kwa mpangilio, kubwa kabla ya dogo

Kwanza separeta na tanki la kutulia. Kisha haidrosaikloni, zinazozungusha maji kwa shinikizo lake lenyewe na kukamata matone hadi kama mikroni 10 au 15. Kisha mtambo wa viputo vya gesi, ambavyo hushika matone na kuyaelekeza juu. Mwisho chujio la maganda ya jozi. Chujio likiziba kila mara, tatizo limetoka juu ya mstari, halijaanzia hapo.

Bahari ya Kaskazini kikomo cha mafuta kwenye maji yanayomwagwa ni miligramu 30 kwa lita, wastani wa mwezi. Ghuba ya Mexico upande wa Marekani ni 29, na 42 kwa siku moja.

Hatua ya 5: Angalia kemia kabla ya kuchanganya

Maji ya chini yenye bariamu yakikutana na maji ya bahari yenye salfeti, hutengeneza ukoko wa bariamu salfeti, mgumu kuliko ule wa sufuria ya wali na usiosikia asidi. Changanya kwanza kwenye chupa ya maabara. Zuia hewa isiingie kwenye matanki, maana oksijeni huleta kutu. Bakteria wanaokula salfeti huzalisha haidrojeni salfaidi, gesi inayoua mtu na kula chuma; wadhibitini mapema, wakishaota kwenye mabomba ni vita ya miaka.

Hatua ya 6: Amua yanakwenda wapi

Chaguo langu la kwanza ni kuyarudisha kwenye tabaka lilelile yalikotoka, ili yashikilie shinikizo na kusukuma mafuta. Yakizidi mahitaji, ndipo maamuzi magumu yanapoanza.

Nimr waliyasukuma kwenye matabaka ya kina kirefu, na umeme wa pampu zile za shinikizo kubwa ulikuwa gharama nzito. Mwishoni mwa mwaka 2010 ukaanza mtambo wa matete, uliojengwa na kampuni ya Kijerumani Bauer kwa ajili ya Petroleum Development Oman. Maji hupita kwanza kwenye haidrosaikloni, mafuta yanarudishwa kuuzwa, kisha maji yanateremka kwa mteremko wa ardhi tu, bila pampu, katika mashamba ya matete. Bakteria walioko kwenye mizizi na udongo hula mafuta yaliyobaki mpaka yanashuka chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Kisha maji huingia kwenye mabwawa ya kukausha kwa jua. Ulianza na mita za ujazo 45,000 kwa siku ukapanuliwa hadi 115,000 na zaidi, na ndege wanaohama kati ya Asia na Afrika sasa hutua pale katikati ya jangwa. Naipenda kazi ile kwa moyo wote. Lakini inataka ardhi kubwa tambarare, jua kali, na maji ambayo chumvi yake matete yanaistahimili. Maji ya Nimr ni ya chumvi ya wastani. Yangekuwa na chumvi kuliko bahari, kama yalivyo maeneo mengi, matete yangekufa.

Maswali ya wanachama

*Fundi wa maabara, Muscat:* Shikamoo mwalimu. Vipimo vyangu vya mafuta kwenye maji vinayumba sana, sampuli mbili za saa moja hazifanani. Nakosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Angalia chupa. Mafuta hung'ang'ania kioo, kwa hiyo usisuuze chupa kwa sampuli, na usimimine nusu ukapima nusu. Chupa yote itumike, nayo isuuzwe kwa kiyeyushi chako. Chukua sampuli penye msukosuko, si chini ya bomba lililolala. Na usilinganishe namba za infraredi na za kromatografia (njia mbili za kupima mafuta maabara), zinapima vitu tofauti.

*Mwanafunzi, Hoima:* Kaka, huku Ziwa Albert tunaanza upya, visima si vikongwe. Somo hili linatuhusu?

Linawahusu kuliko sisi, ndugu yangu. Mpango wa Tilenga, mradi wa mafuta wa huko kwenu, ni kurudisha maji chini, na hilo ni jema. Ombeni kuona kama mitambo imepangiwa maji ya mwaka wa 15, siyo ya mwaka wa 1 tu. Mafuta yenu yana nta, yakipoa yanaganda na kushikana na maji. Joto la separeta kwenu ni suala la kufa na kupona.

*Mkulima, Kilifi:* Yanaweza kumwagilia shamba?

Yapo yanayomwagilia. Kaunti ya Kern, California, maji ya eneo kongwe la Kern River husafishwa, huchanganywa na maji mengine na kwenda mashambani katika wilaya ya maji ya Cawelo tangu miaka ya 1990. Yanafaa kwa sababu yana chumvi kidogo toka asili. Pima chumvi, boroni na sodiamu kwanza. Sodiamu nyingi hufunga udongo wa mfinyanzi, na kuurudisha ni kazi ngumu.

*Dada wa Tanga:* Nimesikia kusukuma maji chini kunaleta matetemeko. Ni kweli?

Ni kweli, dada. Oklahoma, Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.8 lilipiga Pawnee, na serikali ikaamuru visima vya kutupia maji vilivyo karibu vifungwe. Kule maji yalitupwa kwenye tabaka la Arbuckle, lililokaa juu ya mwamba wa msingi wenye nyufa za kale, kwa wingi mno. Kurudisha maji pale yalipotoka, huku ukitoa mafuta, hakupandishi shinikizo namna hiyo. Atakayekuambia anasukuma maji kwenye tabaka jipya, muulize shinikizo la juu kabisa aliloruhusiwa na nani anasoma vipima tetemeko.

*Fundi wa mabomba, Salalah:* Tunapofungua separeta ya zamani tunakwangua ukoko kwa mkono. Kuna hatari?

Simamisheni kwanza. Ukoko wa bariamu mara nyingi hubeba radiamu, elementi yenye mionzi, na vumbi lake halitakiwi kuingia kifuani. Upimwe na mtu mwenye kipima mionzi kabla ya kukwangua, mlowanishe, mvae barakoa za chujio, na mabaki yafungwe kwenye mapipa yenye alama. Hilo lifanyike kabla separeta inayofuata haijafunguliwa.