Kutoka Rafu Moja Hadi Nyingine: Namna ya Kupata Vitabu vya Nyanja Nyingi

Msomaji anayependa riwaya huletewa riwaya. Duka humwonyesha nyingine ya aina hiyohiyo, rafiki humwazima aliyoimaliza juzi, na programu ya simu humpangia zinazofanana na ile aliyoisoma jana. Kwa mwendo huo mtu anaweza kusoma kwa bidii miaka ishirini bila kukutana na kitabu kimoja kizuri kuhusu udongo, nyota, kodi au mifupa ya mwili wake mwenyewe, na si kwa sababu havitaki, bali kwa sababu hakuna njia iliyomfikisha vilipo. Njia hizo zipo, na ya kwanza ninayoishauri ni kujifunza jinsi rafu za maktaba zilivyopangwa.

Maktaba nyingi duniani hufuata mfumo wa desimali aliouchapisha Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambao huyagawa maarifa yote katika mafungu kumi. Fungu la 000 lina kompyuta, ensaiklopidia na maarifa ya jumla. La 100 lina falsafa na saikolojia. La 200 ni dini. La 300 ni sayansi za jamii, yaani uchumi, sheria, siasa na elimu. La 400 ni lugha. La 500 ni hisabati na sayansi asilia. La 600 ni tiba, kilimo, uhandisi na upishi. La 700 ni sanaa, muziki na michezo. La 800 ni fasihi. Na la 900 ni historia na jiografia. Namba ya kitabu huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya mgongo wake, na kadiri tarakimu zinavyoongezeka ndivyo mada inavyozidi kubanwa: 500 ni sayansi, 520 ni elimu ya nyota, na 523 ni sayari, jua na nyota zenyewe. Baadhi ya maktaba za vyuo vikuu hutumia mfumo wa herufi wa Library of Congress, yaani Maktaba ya Bunge la Marekani, lakini namna ya kuutumia ni ileile.

Jambo la kushika ni kwamba mfumo huu hauviweki pamoja vitabu vyote vinavyozungumzia kitu kimoja, bali huvipanga kwa taaluma inayokitazama kitu hicho. Chukua chumvi. Ukitaka kujua imeundwa na nini, utakwenda 546, penye kemia ya elementi na misombo yake. Ukitaka kujua inavyopatikana ardhini, utakwenda 553. Athari yake katika lishe iko 613.2, matumizi yake jikoni yako 641.5, na kazi yake ya kuhifadhi vyakula iko 664. Serikali zilizoitoza kodi utazisoma katika 336, na ukifika 954, kwenye historia ya Uhindi, utamkuta Gandhi akitembea mwaka 1930 hadi pwani ya Dandi kuipinga sheria ya Waingereza juu ya chumvi hiyohiyo. Swali moja limekupitisha katika rafu saba. Kwa hiyo, badala ya kujiambia kwamba mwaka huu utasoma sayansi, ambalo ni lengo pana lisiloshikika, chagua kitu kimoja unachokigusa kila siku, kama vile maji, karatasi, chuma au usingizi, kisha ukifuate popote kinapokupeleka.

Mfumo huu una kasoro, na ni vyema kuzijua ili zisikupoteze. Katika fungu la dini, sehemu kubwa ya namba imepewa Ukristo, na dini nyingine nyingi zimebanwa katika 290, ambamo Uislamu una 297. Katika fasihi, lugha chache za Ulaya zimegawiwa makumi yao, ilhali fasihi za lugha zilizobaki zimesongamana katika 890. Fasihi ya Kiswahili utaipata 896.392. Asiyelijua hilo huweza kutoka maktaba akiamini kwamba hakuna kitu, kumbe kipo mwisho wa rafu.

Mkutubi naye aulizwe, na kuuliza si ujinga. Usimwambie tu kwamba unatafuta kitabu kizuri. Mweleze unachotaka kukielewa, unachokijua tayari, na kitabu cha mwisho kilichokushinda. Ikiwa maktaba haina unachotafuta, mwulize kama inaweza kukiazima kutoka maktaba nyingine, kwa kuwa utaratibu huo upo katika nchi nyingi.

Njia ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi, ni kukiacha kitabu kimoja kikuelekeze kwa vingine. Mwandishi makini huorodhesha marejeo mwishoni, na orodha hiyo ni ushauri wa mtu aliyetumia miaka kuchambua vitabu vya somo lake. Angalia kazi ambazo mwandishi amezirejelea mara nyingi katika matini, si zile alizozitaja mara moja. Kisha ukipata kitabu cha pili, linganisha marejeo ya vyote viwili. Jina linalojitokeza kote kuwili ndilo la kutafutwa kwanza. Mara nyingi nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu pia huchapishwa vichwa vya mada na namba ya rafu, na ukiviingiza vichwa hivyo katika katalogi ya maktaba utaletewa vitabu jirani ambavyo usingevipata kwa kutafuta maneno yako mwenyewe.

Kabla ya kukichukua kitabu cha somo usilolijua, kaa nacho dakika kumi. Soma yaliyomo na utangulizi, kisha fungua faharasa na utafute jambo dogo ambalo wewe unalifahamu vizuri. Ikiwa mwandishi amelieleza kwa usahihi na kwa uwazi, una sababu ya kumwamini katika yale usiyoyafahamu. Tazama mwaka wa toleo. Kitabu cha tiba au cha kompyuta huchakaa upesi, ilhali cha falsafa au cha ushairi huweza kukaa karne nyingi. Usione haya kuanza na vitabu vya vijana, kwa kuwa mwandishi anayewaandikia vijana hulazimika kueleza kila neno, na maelezo hayo ndiyo anayoyahitaji mtu mzima aliye mgeni katika somo.

Kwa mwenye intaneti, mlango ni mpana zaidi, ila kila mahali pana kinachopatikana kwa wingi. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, hutoa bila malipo zaidi ya vitabu 70,000, vingi vikiwa vya zamani vilivyokwisha muda wa hakimiliki. Ni hazina ya fasihi, falsafa na safari, lakini usiende huko kutafuta ushauri wa kitabibu. LibriVox huvigeuza vitabu vya namna hiyo kuwa sauti kwa kazi ya wasomaji wa kujitolea. Vitabu vya kiada vya kisasa vya fizikia, biolojia, uchumi na saikolojia hutolewa bure na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, na Directory of Open Access Books hukusanya vitabu vya kitaaluma vilivyo huru kusomwa. WorldCat hukuonyesha ni maktaba zipi zina kitabu unachokitaka.

Weka daftari. Kila umalizapo kitabu, andika jina lake na namba yake ya rafu, na baada ya miezi mitatu ukague ni mafungu gani kati ya yale kumi hujayagusa. Huna haja ya kuyasawazisha yote. Chagua mawili tu na uyape zamu. Kitabu kikikushinda baada ya sura mbili za kweli, kirudishe bila majuto, ila kabla ya kukirudisha, nakili majina mawili matatu kutoka katika marejeo yake, kisha simama kwenye rafu kilikotoka na uvitazame vitabu vilivyo kushoto na kulia kwake.