Roboti ya kuzungumza na wazee: ifundishe kwanza kungoja

Roboti yangu ya kwanza ilikuwa na adabu zote isipokuwa moja: haikujua kungoja. Bibi mmoja aliyekubali kutusaidia katika majaribio alikaa mbele yake, akaanza, "Marehemu mume wangu alikuwa..." Akanyamaza, macho yakaelekea dirishani. Roboti ikapima ukimya, ikaona zamu yake imefika, ikasema kwa uchangamfu, "Pole sana! Nikuwekee muziki?" Bibi hakuitazama. Alinigeukia mimi, akauliza, "Huyu ana haraka ya kwenda wapi?"

Kwa hiyo ukitaka kutengeneza roboti ya namna hii, usianze na sura wala macho ya taa. Anza na zamu ya kuongea.

Watu tunapokezana maneno upesi kuliko tunavyodhani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha lugha 10, ulikuta pengo la kawaida kati ya swali na jibu ni kama milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Maana yake hatungoji mwenzetu anyamaze, tunabashiri atamaliza wapi. Mashine nyingi hazibashiri. Zinasubiri ukimya ufikie kiwango kilichowekwa, mara nyingi chini ya sekunde moja, kisha zinadakia. Kwa kijana anayeuliza saa, hilo halina neno. Kwa mzee anayetafuta jina la mtu aliyemjua miaka hamsini iliyopita, ni kukatizwa kauli.

Nilikimbilia dawa rahisi: nikaongeza muda hadi sekunde 3. Nikapata roboti zuzu. Mtu anauliza, "Leo ni siku gani?" Kimya. Anarudia kwa sauti kubwa zaidi, na hapo ndipo roboti inajibu swali la kwanza juu ya la pili. Muda mmoja hauwezi kutosha mambo yote. Tazama maneno yenyewe. Kauli iliyoishia na "alikuwa", "kwa sababu", "halafu" au "yule" haijaisha, hata ukimya ukifika sekunde 5. Swali lililoishia na "gani" au "lini" limekwisha, jibu mara moja. Orodha ya maneno haya yanayoning'inia ipate kwa kusikiliza rekodi za wazee, usiitunge mezani. Mimi niliitunga mezani, nikasahau "nanii". Bibi alikuwa akisema "yule nanii..." jina linapompotea, na roboti, ikidhani imeulizwa "nani", ikaanza kumweleza kwamba yeye ni msaidizi wake.

Wakati wa kungoja isikae kama gogo. "Ehe" fupi, ya sauti ya chini, inamwambia mtu anasikilizwa bila kumnyang'anya zamu. Hapa kuna kazi ya ufundi: maikrofoni lazima ibaki wazi roboti inapoongea, na programu iweze kuondoa sauti ya roboti yenyewe, la sivyo itajisikia na kujijibu. Na mzee akianza kusema, roboti inyamaze papo hapo, hata katikati ya neno.

Halafu sauti. Usikivu unaopungua kwa umri kwa kawaida huanza kupotea kwenye sauti nyembamba. Irabu zinasikika, lakini s, f na t zinafifia. "Saa sita" inamfikia mtu kama "aa i-a", na kama hiyo ni saa ya dawa, una tatizo. Kupiga kelele hakusaidii. Spika ndogo ikisukumwa sana inakwaruza, na konsonanti zinazidi kuharibika. Chagua sauti nzito kidogo, punguza mwendo, weka pumziko baina ya mafungu ya maneno, na jambo lenye saa au namba lionyeshwe pia kwenye skrini kwa herufi kubwa. Jaribu yote hayo televisheni ikiwa imewashwa, maana nyumbani kwa mtu haitazimwa kwa ajili yako. Ila kuongea taratibu kusigeuke kuongea kitoto. Tulipoweka "Hongeraaa, umekunywa maji!" mzee mmoja aliyestaafu ualimu aliigeuza roboti ikatazama ukuta.

Upande wa pili, programu nyingi za kutambua matamshi zimefunzwa zaidi kwa sauti za watu wazima wasio wazee, kwa hiyo zitakosea. Ikikosa kusikia, isiseme "tafadhali rudia". Iulize kipande kilichopotea tu: "Ulienda na nani, sikulipata jina?" Hivyo ndivyo anavyouliza mtu aliyekuwa akisikiliza.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, kaa chumba cha pili uiongoze roboti kwa mkono, ukichapa majibu yake mwenyewe. Mbinu hii ni ya zamani katika fani yetu. Mweleze mhusika tangu mwanzo kwamba kuna mtu nyuma ya roboti. Nilidhani kujua hilo kutaharibu mazungumzo, kumbe baada ya dakika chache watu wanaongea na kile kilicho mbele yao. Wiki moja ya kuchapa itakufundisha mahali hasa unapotamani kusema kitu na mzee bado hajamaliza.

Umbo sina mengi ya kusema. Paro, roboti ya Kijapani ya Takanori Shibata, ni mtoto wa sili asiyesema neno, na sababu mojawapo ni kwamba watu wachache wamewahi kuishi na sili, hivyo hawana cha kulinganisha. Fuata mantiki hiyo. Uso unaokaribia wa binadamu unadaiwa mambo ya binadamu. Kichwa kinachogeukia msemaji na taa inayoonyesha kwamba maikrofoni iko wazi vinatosha. Na pawe na kitufe halisi cha kuifunga.

Kumbukumbu ndiyo iliyonitia aibu kubwa kuliko zote. Roboti iliuliza, "Bibi, dada yako hajambo?" Dada alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Tangu siku hiyo kila habari ya mtu aliye hai inahifadhiwa pamoja na tarehe iliposemwa, na roboti haiulizi hali ya mtu kama kwamba inajua. Inasema, "Uliwahi kunisimulia habari za dada yako," kisha inaacha mlango wazi. Neno "unakumbuka?" nililifuta kabisa, kwa sababu kwa mtu anayesahau huo ni mtihani. Kisa kikirudiwa mara ya nne, isiseme "ulishaniambia". Iulize kitu ambacho hakijaulizwa: mvua ilikuwa ikinyesha? Na mhusika aweze kusema "hilo lifute", likafutwa kweli.

Maumivu ya kifua, kuanguka, maneno ya kutaka kufa: hayo usiiachie modeli ya lugha, yaani programu inayotunga maneno ya roboti, ijitungie majibu. Weka kanuni zisizobadilika za kumwita binadamu. Amua pia mapema itakuwaje kampuni yako ikifunga seva, yaani kompyuta za mbali ambazo roboti inazitegemea. Jibo, roboti ya Marekani, iliwaaga wamiliki wake mwaka 2019 kwa kinywa chake, ikiwaambia kwamba seva zake zitazimwa. Mazungumzo ya msingi yafanye kazi ndani ya kifaa, bila intaneti.

Kipimo changu cha mafanikio ni kimoja, nacho hakihitaji dodoso. Sikiliza rekodi, hesabu mara ambazo mzee anasema "nilikuwa nasema...". Kila moja ni mahali alipokatizwa. Rekodi ya kwanza ya yule bibi ilijaa neno hilo. Ya mwisho nililisikia mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo aliyemkatiza ni mimi, nilipoingia kuuliza kama betri inatosha.