Kukagua Upumuaji wa Injini ya Gari la Zamani Kabla ya Kubadilisha Sili

Gari la zamani linapoanza kudondosha oili pale injini inapokutana na gia boksi, mafundi wengi wa Malindi huamua papo hapo kwamba sili ya nyuma ya krenki, yaani kizuizi cha oili kwenye mhimili mkuu wa injini, imekufa. Kuibadilisha sili hiyo katika Land Rover ya miaka ya 1960 ni kazi ya kushusha gia boksi, na si ajabu sili mpya nayo ikaanza kuvuja baada ya muda mfupi, kwa sababu kilichoisukuma oili nje hakikuguswa, yaani shinikizo la gesi ndani ya chumba cha krenki. Kwa hiyo ukaguzi wa upumuaji, yaani wa njia zinazoitoa gesi hiyo nje, utangulie. Hauhitaji zaidi ya bisibisi, koleo, mafuta ya taa na subira kidogo.

Hata injini iliyo nzima hupitisha sehemu ndogo ya gesi za mwako kandokando ya ringi za pistoni hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Gesi hizo hubeba petroli isiyoungua, asidi na mvuke mwingi wa maji, kwani kila lita ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji. Sehemu kubwa ya mvuke huo hutoka nje kupitia ekzosi, lakini unaopenya chini hugeuka matone mara tu unapogusa chuma kilichopoa. Gari linalotoka mtaa wa Casuarina, hapa Malindi, kwenda sokoni na kurudi halipati joto la kutosha kuukausha unyevu huo, na hapo ndipo mwenye gari anapofungua kifuniko cha oili akakuta povu jeupe, zito kama tui la kwanza. Povu hilo limewagharimu watu wengi gasketi za hedi zisizo na kosa lolote, kwa kudhani maji ya rejeta yanavuja kuingia kwenye oili. Ikiwa maji ya rejeta hayapungui na oili kwenye kijiti cha kupimia ni safi, yaelekea ni unyevu tu uliokosa njia ya kutoka.

Anza kwa kutambua injini yako inapumua kwa njia gani. Magari ya zamani zaidi yana bomba linaloshuka ubavuni mwa injini, ncha yake ikiwa imekatwa mshazari, ili upepo unaopita chini ya gari linapokwenda uivute gesi nje. Mtindo huu hufanya kazi gari likiwa kwenye mwendo, kwa mfano katika barabara ya Mombasa. Katikati ya matuta na tuktuk za mjini haufanyi lolote la maana. Mtindo wa pili hutumia vali iliyounganishwa na manifoldi ya kuingizia hewa, ambayo magari mapya ya California yalianza kufungiwa mwaka 1961. Mtindo wa tatu hupeleka gesi kwenye kichujio cha hewa au kabureta, kama ilivyo katika Volkswagen Beetle, ambayo aghalabu huwa pia na bomba dogo la kushuka lenye mdomo wa mpira wa kudondoshea maji. Mdomo huo ukipotea, vumbi hupata mlango, kwa hiyo utafute mwingine.

Penye bomba la kushuka, lifungue na ulipitishe waya kutoka mwanzo hadi mwisho, maana nyigu hupenda kujenga humo gari likikaa muda mrefu. Kisha kitoe kifuniko cha oili chenye wavu wa nyuzi za chuma, ukiloweke katika mafuta ya taa, ukisuguesugue, ukiache kikauke kabisa, halafu ukichovye katika oili safi na kukining'iniza mpaka kiache kudondosha. Oili hiyo ndiyo inayolinasa vumbi. Wavu ulioziba usiutoboe wala kuutupa, hasa ule ulio katika njia ya kuelekea kabureta, kwa sababu kazi yake nyingine ni kuzuia mwako unaorudi nyuma usifike kwenye mvuke wa oili.

Penye mtindo wa pili, vali ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Ile ya kawaida ina kijiti na springi: injini ikinguruma taratibu, mvuto wa manifoldi ni mkali na kijiti hubana njia, ukikanyaga mafuta, mvuto hupungua na njia hufunguka. Ichomoe na uitikise. Isipolia, imeganda kwa masizi. Ikiganda ikiwa wazi, injini hunguruma kwa kutetemeka kwa sababu hewa imezidi petroli. Ikiganda imefungwa, shinikizo hutafuta sili. Magari kadhaa ya BMC, kampuni ya Uingereza, ya katikati ya miaka ya 1960, kama vile MGB, yana vali ya mviringo yenye kiwambo cha mpira ambacho hukakamaa na kupasuka. Hiyo haitikiswi. Injini ikishapata joto, fungua kifuniko cha oili. Vali ikiwa nzima, mwendo wa injini hupanda kwa takriban mizunguko 200 kwa dakika.

Kipimo kingine, kwa injini yoyote yenye vali, ni kuweka karatasi nyepesi juu ya tundu la oili injini ikinguruma. Ikivutwa chini, mfumo unapumua. Ikirushwa juu, gesi imezidi au njia imeziba. Fanya hivyo mahali pa wazi, na aliyejifunga kikoi akikaze, asikaribie feni.

Mpira wa kupitishia mvuke uwe wa kustahimili oili. Mpira wa rejeta huvimba na kulainika, na ule wa kumwagilia bustani hujikunja kwa mvuto wa manifoldi. Wapo pia wanaounganisha chumba cha krenki na manifoldi moja kwa moja bila vali. Injini hiyo itakunywa oili, itoe moshi wa buluu na kuchafua plagi. Baada ya kubadilisha vali au mpira, rekebisha upya mchanganyiko wa kabureta, kwa kuwa hewa inayopita humo ni sehemu ya hewa ya injini.

Mafundi wa boti za dizeli wa Lamu hawana haja na habari za vali, kwa kuwa manifoldi ya dizeli ya aina hiyo haina mvuto wa kutosha. Wao wasafishe wavu na bomba la kupumulia tu.

Karatasi ikiendelea kurushwa ilhali kila njia iko wazi, pima mgandamizo wa kila silinda, kisha mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi zimechakaa. Kisipopanda, shuku vali za hedi. Gia boksi inaweza kusubiri mpaka jibu hilo lipatikane.