Kuishi kwa kufua shaba Lubumbashi bila patroni: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mkono wake tayari unajua kazi. Unajua kuchora, unajua kulainisha bati la shaba kwenye mbabula (jiko la mkaa), unajua kuligonga kwa nyuma hadi sura itokeze mbele. Iwe ulisoma Institut des Beaux-Arts au ulifundishwa na mjomba nyuma ya nyumba kule Kamalondo, upande huo sina la kukuongezea. Ninaandika yale niliyopitia pamoja na mdogo wangu mmoja wa Katuba alipoacha kugongea watu wengine na kufungua karakana yake. Kazi zake zilikuwa nzuri tangu zamani. Kilichokuwa kinamrudisha kwa patroni kila baada ya miezi michache ni hesabu, kwa hiyo hesabu ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa.

Hatua ya 1: Amua kazi utakazokataa

Kila mfua shaba wa mji huu huombwa vitu vilevile: ramani ya Kongo, chui, tembo, mama anayetwanga sombe (majani ya muhogo), uso wa Lumumba. Si vibaya, na ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba. Lakini chagua viwili au vitatu ambavyo mkono wako unavifurahia, uvifanye vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, na vilivyobaki umwelekeze mteja kwa mwenzako. Mwenzako naye atakuletea wa kwako.

Kisha tenga siku moja ya juma ambayo ni ya kazi yako mwenyewe, isiyoagizwa na mtu. Mimi nasisitiza siku nzima, siyo saa za jioni, maana jioni mkono umechoka na umeme huenda haupo. Mji wetu una mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Hangar, akakataa kuwafundisha wachoraji wake waige Ulaya. Pilipili Mulongoy akabaki na samaki na ndege wake, Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akajenga picha nzima kwa mistari mifupimifupi. Hadi leo mtu aliyezoea kazi zao hahitaji kusoma sahihi. Kwako wewe, kutambulika hivyo kutatokana na ile siku moja ya juma, na ndiko kutakakokuruhusu baadaye kutaja bei yako bila kulinganishwa na ya jirani.

Hatua ya 2: Vifaa

Nyundo, vyuma vya kugongea, lami au mchanga wa kulalia bati, mbabula, vanishi. Achana na mashine za umeme mwanzoni. Karakana inayotegemea SNEL, shirika la umeme la taifa, kwa kila hatua itakufanya uvunje ahadi zako kwa wateja, na shaba iliyogongwa kwa mkono ina uhai ambao mashine haitoi.

Bati nunua kwa muuzaji anayetoa risiti, na risiti itunze. Shaba ya nyaya zilizokatwa usiiguse hata ukipewa kwa bei ya bure. Siku utakapoulizwa ilikotoka, jina lako ndilo litakalochafuka, na jina ndiyo mali pekee ya fundi anayeanza.

Hatua ya 3: Jua saa yako moja ina bei gani

Hapa ndipo mimi na mdogo wangu tulipokaa jioni nyingi. Yeye alikuwa akipanga bei kwa kuangalia ukubwa wa bati: dogo kiasi hiki, kubwa kiasi kile. Wengi wetu tulilelewa hivyo. Tatizo ni kwamba bati dogo lenye nyuso tano linakula muda kuliko bati kubwa lenye tembo mmoja, na mteja hajui hilo. Wewe unalijua, kwa hiyo ni juu yako kuliweka ndani ya bei.

Chukua daftari la karatasi. Nasema la karatasi kwa makusudi: simu inaibwa, simu inazimika, na ukiandika kwa kalamu unaikumbuka hesabu. Upande mmoja andika unachohitaji kwa mwezi ili nyumba isimame: kodi ya lupango (kiwanja cha nyumba), bukari (ugali) na mboga, makala (mkaa), shule ya watoto, usafiri, uniti za simu, mchango wako wa likelemba (upatu), na kitu cha kuweka kando kwa ugonjwa. Usijipunguzie. Mdogo wangu mara ya kwanza aliacha shule ya watoto kwa sababu "hiyo inalipwa mwanzo wa mwaka tu". Inalipwa, basi igawanye kwa miezi kumi na miwili uiandike. Chini yake weka gharama za karakana ambazo hazihusu kazi moja: kodi ya chumba, nyundo inayobadilishwa, mlinzi kama yupo.

Tuseme, kwa mfano tu, nyumba inataka dola 320 na karakana dola 80. Jumla ni 400.

Sasa saa. Usiandike saa nane kwa siku. Ondoa muda wa kwenda sokoni, kuongea na wateja, kungoja mtu aliyesema anafika saa nne, kupiga picha, kufuata deni. Ukiwa mkweli utakuta saa za nyundo ni kama tano kwa siku, na siku za kugonga kazi za watu, ukitoa Jumapili na siku yako mwenyewe, ni kama ishirini kwa mwezi. Hizo ni saa 100. Dola 400 kwa saa 100 ni dola 4 kwa saa. Huo ndio msingi wako, na ukishuka chini yake unakula akiba ya nyumba.

Sasa kazi yenyewe. Bati la sentimeta 60 kwa 40, lenye unene wa nusu milimita, lina uzito wa kilo moja na kidogo, kwa sababu shaba ina takriban gramu 9 kwa kila sentimeta ya ujazo. Zoea hesabu hii, maana muuzaji anauza kwa kilo na mteja anaagiza kwa sentimeta. Tuseme bati limekugharimu dola 20, ubao na fremu 12, makala na vanishi 5, usafiri 3. Vifaa ni 40. Umekadiria saa 26 za kazi: 26 mara 4 ni 104. Pamoja ni 144. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya ile siku yako ya juma, maana nayo inatumia bati na makala. Unapata 158 na ushee, andika 160.

Mambo ya kuangalia kabla hujafurahia nambari hiyo:

Saa unazokadiria, zipime. Andika kwenye daftari ulipoanza na ulipoacha, kila siku, kwa kazi kadhaa mfululizo. Kila fundi ninayemjua anakadiria chini ya ukweli, hasa kwenye kulainisha bati. Shaba inakuwa ngumu kadiri unavyoigonga, na sura yenye kina hurudi motoni mara nyingi kuliko unavyokumbuka ukiwa umekaa na mteja.

Bei ya shaba inapanda na kushuka kwenye masoko ya dunia, hata sisi tunaoishi juu yake. Kwa hiyo bei uliyotaja iwe na mwisho: siku kumi na tano, basi.

Taja bei kwa dola, na useme wazi kwamba anayelipa kwa franka analipa kwa kiwango cha siku ya kulipa, siyo cha siku ya kuagiza. Noti ya dola iliyochanika usiipokee hata kama mteja ni mheshimiwa, kwa sababu muuzaji wa bati hataipokea kwako.

Mteja atasema, "Yaya, unipunguzieko kidogo." Hiyo ni desturi yetu, na ukimkatalia kwa ukali unaonekana huna adabu. Usipunguze bei, toa matabishi, yaani nyongeza ndogo ya bure. Mimi huwa na vipande vidogo vya bati vilivyobaki, nimevigonga umbo la msalaba wa Katanga, ile shaba ambayo mababu waliitumia kama pesa. Namwambia, "Mama, bei njo hiyo, lakini hii chukua, ya mtoto." Anaondoka amefurahi, nami sikugusa saa zangu. Ukipunguza dola 30 leo, kesho dada yake anakuja akijua bei yako halisi ni 130.

Na ndugu? Ndugu hawakwepeki. Kanuni niliyompa mdogo wangu ni hii: ndugu wa karibu analipa vifaa vyote kabla ya kazi, na saa zako unampa zawadi. Iandike kwenye karatasi: saa 26, zawadi kutoka kwangu. Akiona ameandikiwa, anajua amepewa nini. Na kwa mwaka toa zawadi kama hizo kwa kiasi nyumba inachoweza kubeba.

Hatua ya 4: Devi, avansi, sahihi

Usipige nyundo hata moja kabla ya vitu vitatu.

Kwanza, mchoro wa ukubwa halisi, kwenye karatasi, wenye sahihi ya mteja. Penseli inafutika, shaba haifutiki. Hili ni la lazima zaidi kwa sura ya mtu, zile zawadi za mzee anayestaafu kutoka kampuni ya madini. Familia ione mchoro, iseme ndiyo, isaini. Mabadiliko moja kwenye karatasi ni bure. Baada ya hapo yana bei.

Pili, devi, yaani karatasi ya makadirio ya bei. Ukubwa, unene wa bati, bei, tarehe ya kukabidhi, bei inadumu siku ngapi. Kitabu cha risiti chenye kaboni kinatosha: nakala moja kwako, moja kwake.

Tatu, avansi, yaani malipo ya mbele. Mimi nashikilia asilimia 60. Kwa mfano wetu ni dola 96: inalipa vifaa vyote 40, na inabaki 56, ambazo ni saa 14 kati ya 26. Mteja akipotea katikati, nyumba haijalala njaa. Nusu kwa nusu inasikika vizuri mdomoni, lakini kwa kazi yenye bati ghali inakuacha umelipwa saa 10 tu. Pokea kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kwenye akaunti ya dola, upate ujumbe wenye tarehe, na gharama ya kutoa pesa uihesabu mapema.

Makampuni ni habari nyingine. Watakupa hati ya kuagiza na kusema malipo ni baada ya mwezi au miezi miwili. Omba walau vifaa vilipwe mbele. Wakikataa, chukua kazi ya namna hiyo moja tu kwa wakati, na wakati huohuo uwe na wateja wadogo wa avansi. Nimeona mafundi hodari wakifunga karakana wakiwa na oda kubwa mikononi, wanangoja sahihi ya mhasibu.

Hatua ya 5: Karatasi za serikali

Kwa wateja wa kawaida unaweza kuanza kidogo. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na sheria ya OHADA inamjua mfanyakazi mdogo wa kujitegemea chini ya jina la entreprenant, ambaye anatoa tamko tu bila kujiandikisha kama kampuni. Ukitaka kuuzia makampuni utahitaji namba ya RCCM (daftari la biashara) kwenye fakitura (ankara), na hiyo unaifuata Guichet Unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara. Nenda mwenyewe, usitume mtu wa kati.

Jua pia kwamba kuuza bati si kuuza mchoro. Sheria ya haki za mwandishi ya tarehe 5 Aprili 1986 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Mtu akitaka kuweka picha yako kwenye kalenda au fulana, hiyo ni devi nyingine.

Hatua ya 6: Picha za kuonyesha kazi

Shaba inaakisi kila kitu, hata shati lako. Piga asubuhi, kivulini, shuka jeupe likiwa limetandazwa mbele ya bati, wewe ukisimama pembeni kidogo. Usitumie taa ya simu. Weka picha moja nzima na moja ya karibu inayoonyesha alama za nyundo, kwa maana hizo ndizo mteja anazolipia.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Salio kwanza, kazi baadaye, hata kwa mchungaji wako. Andika nyuma ya ubao jina lako, mwaka na namba ya simu kwa wino usiofutika. Mwelekeze mteja namna ya kutunza: kitambaa kikavu, basi. Asisugue kwa limau na chumvi kama anavyosugua sufuria, kwa sababu ataondoa rangi ya giza uliyoiacha mabondeni na sura yote italala. Baada ya miaka vanishi ikichoka, airudishe kwako, na kazi hiyo ya kupaka upya uitoze kwa saa zako kama nyingine.