Kabla ya kununua terminali iliyotumika Goma

Kile kikasha kidogo cheusi kisicho na feni, kinachouzwa kwa bei ya chini kuliko kompyuta zote dukani, mara nyingi si kompyuta kamili. Ni terminali: kazi yake ni kuonyesha kwenye skrini kile kinachofanywa na seva, yaani kompyuta kuu, iliyo kwingine. Ukiipeleka kwenye sekretaria yako (duka la kuchapa na kutoa nakala) isiyo na seva, itawaka, itatafuta mtandao, na itaishia hapo. Hata hivyo inafaa mji wetu, kwani nyingi hutumia wati 10 hadi 20 tu, na sola ya kawaida inazimudu. Swali ni kama hiyo unayoonyeshwa inaweza kugeuzwa ifanye kazi peke yake.

Anza na umeme. Geuza kikasha usome lebo. Wyse 3040, terminali ya Dell, ilitengenezwa kwa aina mbili, ya volti 5 na ya volti 12, na ukiitazama juujuu hutajua ni ipi. Ukichomeka chaja ya 12 kwenye ile ya 5, umeiunguza. Nyingine nyingi hutaka volti 19 au 19.5. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea za chaja zikizidi si neno, lakini zikipungua, mashine itawaka vizuri kisha kuzimika pale kazi inapokuwa nzito. Tikisa pia kichwa cha chaja kikiwa kimechomekwa: kama umeme unakatika, tundu limelegea na fundi atalazimika kulilehemu upya.

Wenye sola hufurahia terminali ya volti 12 na kuiunga moja kwa moja kwenye betri. Wasifanye hivyo. Betri inapochajiwa hupita volti 14, na usiku hushuka chini ya 12. Weka kati yake kifaa kinachotoa volti 12 zisizobadilika.

Halafu neno la siri. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, hapo hapo dukani, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Wyse nyingi zilitoka kiwandani na neno Fireport, F ikiwa kubwa. Likikataliwa, kampuni iliyoitumia zamani ililibadilisha, na huenda usiweze kuwasha mashine kwa flashi ili kuweka programu nyingine. Muuzaji akisema kulifuta ni kutoa tu betri ndogo ya ndani, mwambie aitoe mbele yako. Kwa mashine nyingi za ofisi neno hilo halifutiki hivyo.

Mwombe akufungulie kifuniko. RAM (kumbukumbu ya kazi) ya Wyse 3040 ni GB 2, imelehemwa kwenye bodi, na hifadhi yake ni GB 8 au 16. Windows 11 inadai angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, kwa hiyo hapo ni mfumo mwepesi wa Linux au basi. Wyse 5070 ni habari nyingine: inapokea RAM ya laptopu ya DDR4 na SSD (diski ya hifadhi) ya tundu la M.2, lakini iwe ya aina ya SATA. Ya aina ya NVMe haitafanya kazi.

Nenda na skrini yako. Terminali nyingi hutoa picha kwa tundu la DisplayPort, na skrini za bei nafuu bado ni za tundu la zamani la VGA. Kigeuzi kinachohitajika ni kile chenye chipu ndani, si waya mtupu. Bei yake uiongeze kwenye hesabu, pamoja na kibodi ya Kifaransa (AZERTY) ukiitaka.

Iache ikifanya kazi nusu saa. Kupata joto ni kawaida; ikiganda, tazama matundu ya hewa, maana vumbi letu jeusi la volkano huyaziba. Tarehe ikirudi nyuma kila umeme unapokatika, ile betri ndogo ya ndani, mara nyingi CR2032, imekufa. Ni ya bei ndogo, ila bila hiyo tovuti nyingi zitakataa kufunguka. Jaribu kila tundu la USB. Wi-Fi usiichukulie kuwa ipo.

Mkikubaliana, namba ya seri iandikwe kwenye fakture pamoja na siku za kurudisha, nawe uilinganishe na lebo ya chini. Lebo ikiwa imebanduliwa, tafuta nyingine.